Mdomo Wangu, Sauti Yake

Waliolikosa gazeti la wiki iliyopita niwape kwa mkato, maana leo sina muda wa kuzunguka.

Naitwa Hymavathi, binti wa mfumaji wa Sircilla. Nina miaka ishirini na mitano, na ninaandika programu za kompyuta kwenye ghorofa ya tisa ya kampuni moja kubwa hapa Madhapur, Hyderabad. Kazi hiyo niliipata kwa uongo. Nilikuwa nimekataliwa mara kumi na moja kwa kukosa uzoefu, ndipo nikapanda ngazi za ofisi ya mawakala wa ajira pale mtaa wa Ameerpet, juu ya duka la miwani. Wakanipa uzoefu wa miaka mitatu kwa siku moja. Kampuni waliyoandika kwamba nilifanyia kazi inaitwa Trinayana Soft. Msiitafute. Haijawahi kuwa hata na mlango.

Siku ya usaili wa mtandaoni mawakala waliniketisha mbele ya kamera, wakaniambia, "Wewe chezesha midomo tu." Nyuma ya ubao mwembamba alikaa mwanamke mwenye maiki. Swali likija anajibu yeye, mimi natafuna hewa. Uso wake sikuwahi kuuona. Niliijua sauti yake tu, tulivu, ya mtu asiye na haraka, na kabla ya kila jibu gumu alisema, "Swali zuri. Twende polepole."

Nikapata kazi. Siku ya kwanza ofisini nilijifanya nina mafua, nikakohoa wiki nzima, ili mwenye kuikumbuka sauti ya usaili adhani koo limenikwaruza.

Hapo ndipo tulipoachana. Haya ya leo yamenikuta miezi kumi na minne baadaye, nilipokuwa nimeanza kujiona nimesalimika.

Jambo moja mnielewe kabla hamjanitukana. Kila nilichodai nakijua, nilikisoma baadaye mpaka nikakijua kweli. Nilisoma kwenye basi la kampuni, nilisoma kwenye foleni ya bafu la hosteli nikiwa na ndoo mkononi. Sasa programu ikiharibika, mimi ndiye ninayeitwa. Nikajiambia uongo wangu ulikuwa wa mlangoni tu, humu ndani mimi ni halali.

Na baba yangu kule Sircilla ameshaitangazia karakana nzima ya vitambaa kwamba binti yake ana kiti kinachozunguka. Kampuni hizi huambiana. Nikikamatwa, jina langu linafungiwa milango ya Hyderabad nzima, nami narudi nyumbani kumweleza mzee huyo kiti kimekwenda wapi.

Haya, twende.

Ilikuwa Jumatano asubuhi, wiki ya Bathukamma, sikukuu ya maua. Wanawake wote wa ofisi tumevaa sari za hariri, maua kichwani, na kule chini uani wameshaanza kupanga maua kwenye sinia kwa ajili ya kuyazunguka na kuimba. Bosi wangu, Padmaja, akanijia mezani. Ni mama wa miaka arobaini na kitu, mpole wa sauti, mkali wa macho. Sisi humwita madam. Mimi alinipokea tu; walionisaili walikuwa wengine.

"Hyma, acha hiyo kazi. Leo unakaa nami kwenye usaili."

"Mimi, madam?"

"Wewe. Nimechoka kuuziwa watu bandia. Umemsikia yule wa mwezi uliopita? Kwenye usaili alinieleza mambo mpaka nikaandika. Siku ya kwanza kazini nikamuuliza jambo lilelile, akaniuliza choo kiko wapi. Akatoka, na hajarudi mpaka leo."

Nikacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa cha kulazimisha, lakini nilicheka.

"Sasa mimi nitawajuaje, madam?"

"Una macho. Halafu wewe umetoka kampuni ndogo, umepanda kwa jasho lako. Mtu wa jasho humtambua tapeli hata akiwa amelala."

Nilitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka, nikamfuata.

Tuliingia chumba kidogo cha mikutano, skrini moja kubwa ukutani. Mwombaji wa kwanza alikuwa kijana mwenye tai, anajibu kama maji. Ghafla akapiga chafya. Akapiga ya pili, kubwa zaidi, mpaka tai ikamrukia begani. Na wakati wote huo sauti yake iliendelea kueleza bila kukata pumzi.

Madam alimtazama kwa huruma. "Pole na mafua," akamwambia, akakata mawasiliano.

Tulicheka hadi machozi. Ya kwangu hayakuwa ya kicheko peke yake.

"Kuanzia sasa," madam akasema akijifuta, "kila mmoja aweke kiganja mdomoni na aseme jina lake. Sauti ikizibika, ni yake. Isipozibika, kwaheri. Kazi hiyo nakukabidhi wewe."

"Sawa, madam."

Wa pili aliweka kiganja, sauti ikazibika, akapita kwa haki. Wa tatu akaingia saa tano na nusu.

Jina lake Vennela. Msichana mwembamba, miaka ishirini na mitatu hivi, amevaa kurta, kanzu fupi ya njano, nywele zimebanwa mpaka paji la uso limemvutika. Sikumtazama yeye kwa muda mrefu. Nilitazama ukuta nyuma yake. Ulikuwa wa rangi ya samawati, una ufa uliozibwa kwa karatasi ya gundi. Mbele ya ufa uleule niliketishwa mimi miezi kumi na minne iliyopita.

Nikajipa moyo. Kuta za samawati ziko nyingi.

Madam akauliza swali la kwanza, gumu: mfumo wa malipo ukianguka watu laki moja wakiwa ndani, unaanza kushika wapi?

Midomo ya Vennela ikafunguka.

"Swali zuri. Twende polepole."

Kalamu ikanidondoka, ikabingirika hadi chini ya meza.

"Jibu zuri sana," madam akasema sauti ile ilipomaliza. Mara simu yake ikalia. Akaitazama, akainuka. "Wakubwa hawa! Dakika chache tu. Endelea naye, Hyma. Usisahau kiganja."

Mlango ukafungwa. Nikabaki na skrini.

Nikaisogelea. "Vennela, naomba uweke kiganja mdomoni, useme jina lako."

Msichana yule akatupa macho pembeni, kule ninakojua ubao uliko. Kisha sauti ikaja, na safari hii midomo ya Vennela haikutikisika hata kidogo.

"Hyma? Hyma wa Sircilla?"

Nikageuka kuutazama mlango.

"Jamani, ni wewe! Nilisikia bosi wako akikuita, nikasema hapana, si yule. Binti yangu umekua! Sasa wewe ndiye unayeuliza!"

"Sikujui," nikasema.

"Hunijui? Nilikujibia maswali kumi na manne, mdomo wako ukinikimbiza nyuma kama mtu aliyeachwa na basi. Wewe ulikuwa mbovu kuliko wote. Hiyo 'twende polepole' niliianza kwa ajili yako, upate kunifikia."

"Nakuomba unyamaze. Bosi wangu anarudi sasa hivi."

"Ndiyo maana nasema upesi. Mpitishe huyu mtoto. Miaka miwili anazunguka na bahasha ya vyeti, milango yote anaambiwa hana uzoefu. Si unaijua njaa hiyo?"

"Siwezi. Madam ananiamini."

"Unaweza. Ulishaweza." Sauti ikashuka, ikawa tulivu zaidi, na hapo ndipo iliponitisha. "Sikiliza, Hyma. Mimi sina uso wala jina, hakuna wa kunikamata. Wewe una vyote viwili, na kitambulisho unakivaa shingoni. Ukinichoma, hachomeki mmoja."

"Dada, tafadhali."

"Sasa mimi ni dada? Dakika moja iliyopita ulikuwa hunijui."

Nilimwangalia Vennela. Alikuwa amekaa palepale, mikono mapajani, amesikia kila neno. Alikuwa akinitazama kwa makini, sari yangu, kitambulisho changu, jasho lililokuwa likinitoka ilhali kiyoyozi kinanguruma. Sikupenda namna alivyonitazama. Nilitegemea kuona chuki, au angalau ombi. Nikaona ananionea huruma.

Kitasa kikazunguka. Madam akaingia na karatasi mkononi.

"Vipi?"

"Vizuri, madam."

"Kiganja?"

"Ameweka. Sauti ni yake."

Huo ulikuwa uongo wa kwanza niliomwambia madam siku hiyo, na ulitoka laini mpaka nikajishangaa.

Madam akaketi. "Sasa tazama kioja hiki. Nilikuwa sijasoma wasifu wake mpaka mwisho." Akanisogezea karatasi, akaweka kidole. "Trinayana Soft! Si ndiko ulikotoka wewe?"

Nilitazama kidole chake. Trinayana Soft, miaka ileile, cheo kilekile. Wale mawakala walikuwa wavivu. Badala ya kubuni kampuni nyingine, walituvisha sote shati moja.

"Ndiko, madam," nikasema.

"Na si uliniambia mlikuwa watu ishirini, chumba kimoja, mnachemsha chai kwa zamu?"

Nilimwambia hivyo kweli, siku moja tunakula biriani, nikaongeza chumvi ili hadithi inoge. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga. Hawakusema kwamba huwa anaijenga mwenyewe.

"Sasa ilikuwaje usiniambie mnajuana?"

Pimeni wenyewe, wasomaji wangu. Nikisema simjui, nitaelezaje watu ishirini, chumba kimoja, miaka mitatu, na hatujuani? Nikisema namjua, nimemdhamini tapeli kwa jina langu. Na nyuma ya ubao kuna mtu anasubiri nichague.

"Sikutaka nionekane napendelea, madam," nikasema. "Namjua. Tulikaa meza moja."

Uso wa madam ukachanua. "Ah! Basi kumbe! Vennela, unasikia? Mwenzako yuko hapa!"

"Nimefurahi sana, madam," sauti ikajibu, na midomo ya Vennela ikaifuata kwa shida. "Hyma alinifundisha mengi. Namheshimu kama dada yangu wa tumbo moja."

"Alikuwaje kazini?" madam akaniuliza.

"Mchapakazi. Hachoki. Mwaminifu."

Mwaminifu! Nilikuwa na maneno mia ya kuchagua, nikachagua hilo.

Madam akafunika kalamu yake. "Basi mimi sina la kunisumbua tena. Mtu wangu amesema, imetosha. Swali moja tu la mwisho, Vennela, la kawaida kabisa. Kwa nini unaitaka kazi hii?"

Nikapumua. Swali hilo hata kasuku angelijibu.

"Naitaka kazi hii, madam," sauti ikaanza, "kwa sababu napenda kujifunza, napenda kufanya kazi na watu wanaojituma, na kampuni yenu..."

Midomo ya Vennela ilikuwa imefungwa.

Sauti inakwenda, midomo imefungwa. Nikamkonyeza. Nikamtolea macho. Sauti imefika kwenye "changamoto mpya," msichana kimya, amebana meno. Nikashtuka nilipogundua kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikichezesha midomo, pale mezani, kando ya bosi wangu, neno kwa neno.

Bahati madam alikuwa akiangalia skrini. Akasogeza uso karibu.

"Vennela? Mbona hivyo? Umeganda?"

"Ndiyo, madam," sauti ikadakia. "Picha imeganda. Mtandao wa huku leo unasumbua kweli."

Vennela akainua ncha ya shali yake, akajifuta machozi.

Madam akaona. Nikamwona anaona.

Halafu tukasikia kitu kingine. Ilikuwa sauti ndogo, ya mbali, kama ya mtu aliye chumba cha pili, kwa sababu maiki haikuwa kwake. "Madam. Anayejibu si mimi."

"Nyamaza wewe!" ikafoka ile ya karibu.

Sasa zilikuwa sauti mbili, na hata mtoto angezihesabu.

Madam hakugomba. Aliinamia skrini, akasema kwa upole, na upole huo ulinitisha kuliko kelele, "Sema kwa nguvu, binti. Nakusikiliza."

"Si mimi, madam. Yuko hapa nyuma ya ubao. Alichokujibu mimi sikijui hata nusu." Alikuwa akipiga kelele ili asikike, na kilio kinamkata. "Nilikuwa nimekubali. Asubuhi nimetoka nyumbani nimeapa nitafanya. Lakini nimeshindwa baada ya..."

Akanitazama.

"Baada ya nini?"

Nikamwomba Mungu, yeyote aliye karibu, asijibu.

Madam akachukua ile karatasi. "Haya, hilo liache. Trinayana Soft ulifanya kazi lini hasa?"

"Sijawahi, madam. Haipo kampuni hiyo."

Kule chini uani wanawake walikuwa wameanza kuimba na kupiga makofi kuzunguka maua. Madam aliiweka karatasi mezani, akainyoosha kwa kiganja, kisha akanigeukia taratibu.

"Haipo," akasema. "Na ninyi mlikaa meza moja."

"Madam, naomba nikueleze."

"Subiri kwanza." Akarudi kwenye skrini. "Vennela, nijibu hili na usiogope. Huyu aliyekaa hapa, unamjua?"

Nilimwangalia msichana yule kwa macho yote niliyopewa. Kama kuna namna ya kupiga magoti kwa macho, nilipiga. Alikuwa na haki ya kusema hapana. Angesema simjui, ningepata pa kupenyea: ningedai nimemfananisha, ningedai jina limenichanganya, ningejua la kusema, uongo sikukosa hata siku moja.

Alifikiri. Nakuapieni alifikiri, nilimwona.

"Namjua, madam," akasema. "Nimemjua leo, ulipotoka kwenda kwenye simu. Yeye ndiye aliyenifanya nishindwe. Nisameheni, dada. Nimeona mnavyoishi, mimi siwezi."

Ameniita dada kwa heshima zote. Hilo ndilo lililoniuma.

Madam alivua miwani, akaiweka juu ya wasifu. Sauti yake haikupanda.

"Miezi kumi na minne, Hyma. Juzi tu nimegombana na wakubwa kwa ajili yako. Nikawaambia huyu mwacheni apande cheo, kwa huyu niko tayari kutia mkono motoni." Akanigeuzia kiti. "Nakuuliza swali moja, unijibu wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Siku unaingia kampuni hii, aliyejibu maswali ya usaili ni nani?"

Niliyatazama macho yake. Nilimkumbuka baba na kile kiti. Halafu, msiniulize ujasiri niliutoa wapi, labda niliuazima kwa yule msichana, nikaamua kusema kweli. Yote, tangu ngazi za Ameerpet. Nilitaka ayasikie kutoka kwangu, si kwa mtu mwingine, maana hicho ndicho kitu pekee cha heshima kilichokuwa kimenibakia.

Nikavuta pumzi. Nikafungua mdomo.

Kwenye skrini Vennela alikuwa amenyoosha mkono aifunge kompyuta, lakini hakuwahi.

"Madam," sauti ile tulivu ikasema kutoka nyuma ya ubao, "hilo naomba nimjibie mimi."